Kipimo cha Mkanda

Kambini, bweni la pili
4 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na binamu dereva naye amerudi salama na lori lake, pamoja na kile kitambi alichoapa kuwa ni shati tu limejaa upepo. Huku sisi wazima. Chumba chetu kina vitanda vinne na dirisha moja linalotazama ukuta, na ukuta wenyewe una ufa ambao tumeshaupa jina. Simu zetu bado zimefungiwa kwenye kabati la Kocha mpaka mchujo upite, kwa hiyo usidhani nimekususa. Geti hufunguliwa Jumapili kwa saa mbili, na ukichelewa dakika tano unakaa ndani Jumapili mbili zinazofuata. Mimi siku hizi sitoki hata hiyo Jumapili. Napumzika.

Sasa niseme kilichonishikisha kalamu. Nataka unishonee mkanda.

Si wa suruali. Nataka ule mkanda wa kunyanyulia vyuma, wa ngozi nzito, upana wake vidole vinne, unaokaza tumbo mtu anapopiga skwati. Skwati umewahi kuniona nikipiga pale uani na gunia: mzigo uko mabegani, unachuchumaa mpaka mapaja yalale, kisha unasimama nao ukijaliwa. Hapa bwenini suala la mkanda limetugawa kama uchaguzi. Jirani yangu wa kitanda, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, anauvaa tangu kilo ya kwanza na nadhani angeweza hata kuoga nao. Wengine wanasema unalegeza tumbo. Kocha anasema tumbo lenyewe ndilo mkanda wa kwanza. Wa ngozi kazi yake ni kulipatia tumbo mahali pa kuegemea unapovuta pumzi, na uvaliwe kwenye vyuma vizito tu.

Mimi nilikuwa upande wa wasiovaa, na kwa maringo. Nimehama. Mchujo ni tarehe 24 Juni, kilo mia moja na thelathini, na bila mkanda nimekwama kwenye mia na kumi na nane. Atakayefaulu anaajiriwa moja kwa moja na kikosi cha zimamoto na kuchezea timu yao miaka miwili. Atakayeshindwa anafunga begi. Unajua mwenyewe sina mlango mwingine.

Nakuomba usichelewe. Usinicheke mwandiko, naandika nimesimama, karatasi iko kwenye kizingiti cha dirisha. Viti ni vichache huku.

Mwanao.


Nyumbani
25 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imenikuta mzima wa afya na mchovu wa majirani. Binamu yako kapata mtoto wa tatu, wa kike, kampa jina langu, maskini mtoto wa watu. Kitambi kipo na kinaendelea vizuri. Mama wa chumba cha pili anakusalimu. Siku hizi yuko hapa kwangu asubuhi na jioni mpaka mtu angedhani nimemuoa. Mwandiko wangu ukiuona mkubwa kama wa darasa la kwanza, usishangae, miwani imevunjika mguu.

Habari ya mkanda nimeisoma mara mbili. Umesahau nani alikulea? Kabla hujazaliwa nilikuwa nawashonea mikanda wachukuzi wa ghala la nafaka, wanaume wa kubeba magunia mawili kwa mpigo. Nilijifunza kwao jambo moja. Mkanda haubebi, anayebeba ni mtu. Aliyekuja mzima, mkanda ulimsaidia kubeba zaidi. Aliyekuja anaumwa ulimsaidia kuficha, mpaka siku aliyoshindwa kuufungua mwenyewe, akafunguliwa na wenzake amelala chini. Hao wa pili ndio walionilipa haraka na kuniita dada.

Kwa hiyo sisemi ndiyo wala sisemi hapana. Nipe kipimo kwanza, na si kipimo cha duka. Fanya nilivyokuwa nawafanyia wale. Kata nyuzi mbili. Wa kwanza uzungushe kiunoni ukiwa umetoa pumzi yote, funga fundo mahali ncha zinapokutana. Wa pili uzungushe ukiwa umevuta pumzi na kujaza tumbo kabisa, vilevile kama unataka kusimama na chuma, nao uufunge fundo. Nitumie zote mbili. Mkanda unakatwa katikati ya pumzi hizo mbili.

Na kula. Mtu hajengi misuli kwa maneno ya Redio.

Shangazi yako.


Kambini
13 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu. Huyo binamu akifika wa tano atahitaji tela.

Nyuzi hizi hapa, nimezikunja ndani ya karatasi. Ule wenye wino mwekundu ni wa pumzi iliyojaa. Redio alinisaidia kuzungusha, akahutubia muda wote.

Huku mambo yamekaza. Kocha ametundika ubao nje ya chumba cha nesi. Ukienda kutibiwa, jina lako linaandikwa, pamoja na kinachokuuma. Anasema ni kwa ajili ya kujua nani apumzishwe. Kweli, wawili walioandikwa wiki iliyopita wamepumzishwa, wamerudishwa kwao na basi la asubuhi. Tangu hapo hili bweni limekuwa na afya ya ajabu. Hakuna anayekohoa. Juzi msichana mmoja amebanwa kidole na vyuma, akasema amekiumiza kwa kuchana nywele.

Usiniulize kwa nini nauharakisha mkanda. Nauharakisha kwa sababu siku zinakwenda, na ngozi mpya inataka wiki tatu za kuvaliwa kabla ya kulainika, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Kila mwezi tunaongezwa kilo mbili na nusu. Naamka natazama ule ufa ukutani, nateremka kitandani taratibu, navaa viatu, naenda kuongezwa.

Nijibu mapema. Nakaa roho juu kila mtu wa barua akipita.

Mwanao.


Nyumbani
29 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mtoto ameanza kucheka. Binamu yako yuko safarini. Mvua zimekuwa nyingi na ukuta wa jikoni unatoa jasho.

Najua nimechelewa wiki sita. Tuache kuchelewa kwangu, tuzungumze nyuzi.

Nimezilaza mezani sambamba. Nikazigeuza, nikazilaza tena. Mchukuzi mzima akijaza tumbo, uzi wa pumzi unamzidi mwenzake vidole vinne. Mwembamba, vidole vitatu. Wewe unazidi kidole kimoja, tena chembamba. Mwanangu, tumbo lako limekataa kujaa. Hukutoka kwangu na tumbo la namna hiyo; ulikuwa ukivuta pumzi uani kuku wanakimbia.

Mtu anashindwa kujaza tumbo kwa sababu moja tu niliyoiona miaka yote ile. Akilijaza, kuna mahali mgongoni panachoma. Kwa hiyo sasa naelewa kwa nini unaandika umesimama, na kwa nini Jumapili hutoki.

Ni wapi? Tangu lini? Ukikohoa panashuka mguuni au panabaki mgongoni? Sitaki unipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mpaka nijibiwe, sikati ngozi.

Shangazi yako.


Kambini
12 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto nimefurahi anacheka.

Wiki sita nimesubiri mkanda, nimeletewa hukumu. Nyuzi gani hizo za kumsomea mtu maradhi? Labda Redio alizivuta vibaya. Labda nilikuwa nimeshiba. Kila mtu hapa anaumwa mahali, Shangazi, hii ni kambi ya vyuma. Ni mshipa tu, upande wa kushoto chini, tangu mwezi wa kwanza. Ukipata moto unaachia.

Na kwa kuwa leo tunasomana, nami nikusome. Ule mfuko wa viatu ulionitumia mwishoni mwa mwaka, mshono wake unatembea kama mlevi anayetafuta kwao. Wewe, uliyenifumulisha kamba moja mara saba kwa kukosea tundu moja! Nilinyamaza. Na hiyo miwani imevunjika mguu mpaka lini? Sitaki kutaja habari za nyani na kundule, kwa sababu wewe ni shangazi yangu.

Mkanda nimeazima. Redio amenipa wake wa zamani, tundu la mwisho linanitosha. Jana nimepiga nao mia na ishirini na mbili. Nataka ujue ilivyokuwa, kwa maana hakuna mwingine wa kumwambia. Nilivuta pumzi, tumbo likagonga ngozi, na ngozi ikanijibu. Nikahisi kama kuna mtu amesimama nyuma yangu na kunikumbatia, akisema shuka tu, nipo. Nikashuka. Nikapanda. Kwa mara ya kwanza tangu Januari sikuogopa.

Nilipoufungua, nilikaa kwenye benchi kidogo. Basi, ndiyo hivyo.

Unishonee au usinishonee, tarehe 24 nitasimama pale.

Mwanao.


Nyumbani
27 Mei

Mwanangu,

Ulikaa kwenye benchi kidogo. Kidogo ni saa ngapi?

Usinijibu. Nimemwandikia Kocha wako. Nimemweleza mahali panapouma, upande gani, na tangu lini, na nimemwomba akupeleke kwa daktari kabla hujawekewa kilo nyingine. Barua yake nimeitia posta pamoja na hii.

Utanichukia. Nichukie ukiwa unatembea.

Shangazi yako.


Kambini
11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani utasoma barua nyingine, hii haina nafasi.

Umeniuza. Sina neno jingine, nimelitafuta siku tatu. Ningekuwa na simu ningekupigia nikalia tu, bila kusema kitu, ili usikie ulichofanya.

Kocha aliniita ofisini. Barua yako ilikuwa mezani, na huo mwandiko wako unaojaza ukurasa kwa mistari minane. Si mtu mbaya, usimfikirie vibaya. Amechoka, naye ana wakubwa wanaomuuliza timu iko wapi. Akaniuliza, “Ni kweli haya?” Nikatazama barua yako. Akasema, “Mimi siwezi kufanya kazi kwa barua za mashangazi. Kila mmoja hapa ana shangazi.” Akafungua droo, akanipa karatasi yenye mstari mmoja: mimi niliyesaini hapa chini sina maumivu yoyote na napiga kwa hiari yangu. Nisaini kabla ya tarehe 24. Nisiposaini, sipigi. Nikisaini, likitokea la kutokea, ni langu.

Kwa hiyo barua yako haijanitoa mahali popote. Nimebaki palepale nilipokuwa, na sasa nina karatasi. Nalala nayo chini ya mto. Nikisema kweli, basi la asubuhi. Nikisema uongo, kilo mia na thelathini. Redio anasema saini, mkanda utakushika. Redio mwenyewe jana nimemsikia akilia bafuni bomba likiwa wazi.

Sasa nataka biashara na wewe. Umenivua nguo mbele ya watu, nawe vua. Mikono yako ina nini? Niambie kweli, na mimi nitasema kweli yangu kwa Kocha. Naapa. Ila niambie kabla ya tarehe 24.

Mwanao, bado.


Nyumbani
25 Juni

Mwanangu,

Barua yako imefika leo. Posta haikujua kuwa tuna ahadi. Jana nilikuwa nimekaa mlangoni tangu asubuhi, nikihesabu saa, bila kujua kuwa ulikuwa umeniuliza kitu. Sijui uko salama au vipi. Nitakujibu hata hivyo, kwa sababu umeniapia.

Mikono imekufa. Ilianza na vidole vya kulia, ganzi, mwaka juzi mwezi wa tisa. Nikadhani ni baridi. Kisha kushoto. Miaka arobaini ya kutoboa ngozi ngumu kwa msharasi, daktari anasema mishipa ya viganjani imebanwa na imechoka. Vifungo nafungiwa na mama wa chumba cha pili. Mfuko wa viatu alishona yeye, maskini alijitahidi. Miwani yangu ni mizima. Barua hizi naziandika kalamu imefungwa kidoleni kwa kitambaa, na kila moja inanichukua siku mbili. Binamu yako nilimwapisha asikwambie.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungerudi siku hiyohiyo, ungekaa kwenye kigoda changu, ungekuwa mikono yangu mpaka unazeeka, na ungesema hujambo. Nilikuwa naogopa hilo kuliko ganzi.

Kuna jambo baya zaidi, nalo nalisema. Zile wiki sita sikuwa nazitafakari nyuzi peke yake. Nilikuwa najaribu kukushonea. Ngozi niliipata, nzuri, ya mgongo wa ng'ombe. Nilijifungia, nikafunga msharasi mkononi kwa mpira. Wiki sita, mishono kumi na mmoja, na yote imepinda. Siku niliyoshindwa kabisa ndiyo siku niliyolaza zile nyuzi mezani na kuona kile kidole kimoja. Nikafurahi, mwanangu. Nilipata sababu ya kukunyima ambayo haikuwa mikono yangu. Nikakuandikia kama mwenye hekima. Kuhusu mgongo wako nilikuwa sahihi, naamini mpaka leo, lakini sikulala vizuri kwa kule kufurahi.

Niandikie mstari mmoja tu. Niandikie hata tusi.

Shangazi yako.


Kambini
10 Julai

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umzima, kwa kadiri unavyoweza. Mbusu mtoto. Mama wa chumba cha pili mpe asante yangu. Ule mfuko wa viatu mpaka leo haujafumuka.

Nilisaini. Nilikungoja mpaka asubuhi ya tarehe 24, jibu halikuja, nikajiambia kumbe kwako mambo ni shwari, nimemsingizia mtu mzima. Nikasaini. Redio akanikaza mkanda kwa goti. Nilishuka na mia na thelathini, nikafika chini, na kule chini nikasikia kitu kikiteleza, hakikuuma, kiliteleza tu. Nikapanda nacho. Watu walipiga makofi, Kocha alinishika kichwa kwa mikono miwili kama baba. Tulipofika chumba cha kubadilishia, Redio akafungua bizimu, na mimi nikashuka chini pamoja na mkanda. Nilikaa kwenye sakafu mpaka jioni, yeye akisema nje kwamba naoga.

Jina langu lilitundikwa la tatu. Miaka miwili, Shangazi, na Jumatatu iliyofuata kilo mbili na nusu juu. Simu tulirudishiwa siku ile. Nilitazama namba yako kila siku na sikupiga, kwa sababu ungeniuliza, na kwa sauti ningesema. Nilivaa mkanda chini ya fulana kwenda kula. Nilivaa kwenye foleni ya maji. Nilijifunza kulala nao. Nilikuwa nimepata kila nilichotaka, na sikuweza kufunga viatu vyangu.

Barua yako ilifika juzi, siku kumi na nne baada ya mchujo. Nimeisoma nimelala kifudifudi. Nilipofika kwenye ile mishono kumi na mmoja nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Tumekaa miezi mitano, wewe unanificha mikono nisirudi, mimi nakuficha mgongo usiniite, na ungesema mwezi wa pili ningerudi mzima. Najua, hicho ndicho ulichoogopa. Sijakusamehe. Nimekukumbuka, na sijakusamehe.

Lakini nilikuwa nimeapa. Nikavua mkanda, nikatembea kwa kushika ukuta mpaka kwa nesi, nikamwambia inauma tangu Januari. Alibonyeza kwa kidole gumba, akaacha, akaniletea kiti cha magurudumu. Picha imeonyesha pingili ya mgongo imeteleza. Kubeba mzigo basi, mwaka mmoja kwa uchache, na daktari alipofika kwenye neno la baadaye alianza kutafuta kalamu yake. Zimamoto wanataka mtu anayeweza kumbeba mtu. Kocha alilifuta jina langu mwenyewe, kisha akaniletea ile karatasi niliyosaini, akaichana mbele yangu.

Nakuja tarehe 19, binamu atanichukua na lori, amesema atanilaza nyuma ya kiti. Usimwapishe tena. Wala usiogope habari ya kigoda chako, siwezi kukaa kwenye kigoda. Mlango usiufunge kwa kufuli siku hiyo, mimi nitausukuma kwa bega. Tutaishi vipi sijui, nimewaza njia nzima ya kwenda na kurudi chooni. Mimi siwezi kuinama, wewe huwezi kushika. Ikidondoka sindano ndani ya nyumba ile, tutaitazama.

Mwanao.